Usikubali gitaa lako lishuke ndege likiwa vipande viwili

HEBU jiweke kwenye picha hii. Umejinyima miaka miwili, ukapiga shoo za harusi na za baa hadi vidole vikaota sugu, ndipo ukanunua gitaa ambalo hata ndugu yako haligusi bila ruhusa. Halafu asubuhi moja barua pepe inaingia: umealikwa kupiga muziki katika tamasha huko Ulaya. Viza imetoka, tiketi iko kwa simu, mtaa mzima unajua.

Unafika JKIA. Mhudumu wa kaunta anakuangalia, anaangalia mkoba ulio mgongoni, kisha anasema kwa upole: “Hiyo haiwezi kuingia ndani. Itaenda chini na mizigo.”

Hapo ndipo wengi wetu huanza kubembeleza, kubishana au kutokwa na machozi. Lakini wakati huo umeshachelewa. Usalama wa ala yako huamuliwa nyumbani, usiku wa kuamkia safari, na tena dakika chache baada ya kutua. Katikati hapo iko mikononi mwa watu usiowajua.

Najua ninachosema. Miaka kadhaa iliyopita nilisafiri na bendi moja, na mpiga besi wetu alikuwa ameweka gitaa lake katika mkoba wa kitambaa. Tulipotua, dereva wa waandalizi alikuwa anatuharakisha, kwa hivyo jamaa aliuchukua mkoba kwenye mkanda wa mizigo, akautupia mgongoni, tukaondoka. Aliufungua kesho yake wakati wa kujaribu vyombo. Kichwa cha gitaa kilikuwa kinaning’inia kwa nyuzi kama shingo ya kuku aliyechinjwa. Alipoiandikia kampuni ya ndege, jibu lilikuwa fupi: mbona hukuripoti uwanjani? Alipiga shoo kwa besi ya kuazima, na malipo yake ya safari nzima yakaishia kwa fundi.

Hata waliobobea yamewakuta. Machi 2008, mwanamuziki wa Kanada, Dave Carroll, alikuwa akisafiri na bendi yake ya Sons of Maxwell kutoka Halifax kuelekea Omaha, Marekani. Walipotua Chicago ili kubadilisha ndege, abiria mmoja alitazama dirishani akaona wapakizi wa mizigo wakirusha magitaa. Gitaa la Carroll, aina ya Taylor, lilipatikana limevunjika, na kulitengeneza kukamgharimu dola 1,200. Shirika la United Airlines lilikataa kulipa kwa sababu hakuwa amewasilisha malalamishi ndani ya saa 24. Baada ya kuzungushwa kwa miezi kama tisa hivi, alifanya kile mwanamuziki anachojua kufanya: akatunga wimbo. “United Breaks Guitars” uliwekwa YouTube Julai 2009, ukatazamwa na mamilioni ya watu.

Hadithi tamu, lakini usiifanye kuwa mpango wako. Wimbo wako unaweza kutazamwa na binamu zako pekee. Afadhali kasha zuri na karatasi iliyojazwa vizuri.

Kwa nini gitaa huvunjikia shingoni

Wengi hudhani adui mkubwa ni baridi au presha ya kule juu. Sivyo. Sehemu ya mizigo katika ndege kubwa za abiria hupewa presha ya hewa sawa na pale unapoketi. Adui mkubwa ni kuanguka.

Fikiria hivi. Nyuzi sita za chuma zikikazwa sawasawa huvuta shingo ya gitaa kwa nguvu inayozidi kilo 70, karibu uzani wa mtu mzima. Sasa kasha likiangushwa chali, mwili wa gitaa husimama pamoja na kasha, lakini kichwa kinaendelea kwenda kwa sababu hakuna kinachokishikilia. Hukatikia pale pembamba, ambapo shingo inakutana na kichwa. Kasha linaweza kutoka bila hata mkwaruzo, ilhali ndani ni msiba.

Kwa hivyo kanuni ya kwanza ni moja tu: kusiwe na kitu kinachocheza ndani ya kasha. Chukua fulana zako na sweta, jaza chini ya kichwa, juu yake, na pande zote mbili za shingo. Usijaze kupita kiasi hadi ulazimishe kifuniko. Ukimaliza, funga, kisha inua kasha na ulitikise polepole. Ukisikia chochote kikigonga, fungua uanze tena.

Toa kila kitu kigumu: kapo, kifaa cha kupimia sauti za nyuzi, kebo, hata mkanda wenye bakoli ya chuma. Kapo iliyolegea ndani ya kasha hugeuka nyundo.

Halafu legeza nyuzi. Mafundi hawakubaliani ni kwa kiasi gani, lakini kushusha sauti moja au mbili hupunguza mzigo kwenye shingo wakati wa kishindo. Usizitoe zote. Na kama unapiga fidla, kuwa mwangalifu zaidi: daraja lake na kile kijiti kilichosimama ndani ya tumbo hushikiliwa na mkazo wa nyuzi. Ukizilegeza zote kwa pamoja, vitaanguka.

Kuhusu kasha lenyewe, tusidanganyane. Mkoba wa kitambaa ni wa matatu na bodaboda. Kwa tumbo la ndege, tafuta kasha gumu lenye sponji ndani. Kama huna pesa, azima kwa mwenzako anayelo. Kumwachia kitu kama rehani ni rahisi kuliko kununua gitaa lingine.

Na wewe wa nyatiti na orutu?

Usione kana kwamba haya ni ya watu wa gitaa pekee. Marehemu Ayub Ogada alienda na nyatiti yake hadi London, akaipiga katika vituo vya treni za chini ya ardhi, na baadaye mwaka wa 1993 akatoa albamu ya En Mana Kuoyo. Ala zetu husafiri, ila hakuna duka linalouza kasha la nyatiti.

Hapo muone fundi wa jua kali. Sanduku la mbao nyepesi, sponji ya godoro iliyokatwa kwa umbo la ala yako, bawaba mbili na kufuli, basi. Pima ala ikiwa na vigingi vyake, maana hivyo ndivyo vinavyotangulia kuvunjika. Uta wa orutu ufunge peke yake usije ukatoboa ngozi. Ngoma nazo, jaza nguo ndani yake. Utaokoa nafasi na kuipa nguvu.

Lakini kuna jambo ambalo watu hulisahau: ngozi. Baadhi ya ala za kienyeji, orutu ikiwemo, zimekuwa zikiwambwa ngozi ya kenge. Kenge wako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara na usafirishaji wa wanyama na mimea iliyo hatarini. Ukivuka mpaka bila kibali, ala inaweza kutwaliwa na usiione tena. Waulize Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, mapema, si wiki ya safari. Njia rahisi zaidi ni kusafiri na ala iliyowambwa ngozi ya mbuzi. Hata hivyo, ukienda Australia au New Zealand, tangaza kwa maafisa wa uwanja kila kitu cha mbao na ngozi. Wale hawana mchezo.

Je, klarineti ya mpingo? Mti huo pia uko kwenye orodha ya CITES, lakini tangu Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika za mbao hiyo zimeondolewa sharti la kibali. Gitaa kuukuu la mbao ya rosewood ya Brazil, au chochote chenye kipande cha pembe ya ndovu, ni habari nyingine. Hivyo viache nyumbani hadi upate ushauri.

Kuingia nayo ndani

Ndoto ya kila mtu ni kuweka ala kwenye kabati la juu ya kiti. Ukulele ndogo itaingia bila shida, na fidla mara nyingi itapita. Gitaa lina urefu wa mita moja hivi, na hapo unategemea ndege, kampuni na bahati. Ndege ndogo zenye mapanga, kama zile za safari fupi za ndani ya nchi, zina makabati madogo, usitarajie miujiza.

Soma masharti ya kampuni kabla ya kununua tiketi, si baada. Yapige picha ya skrini. Marekani kuna kanuni iliyoanza kutumika Machi 2015, inayolazimisha mashirika ya ndege ya nchi hiyo kuruhusu ala ndogo kama gitaa au fidla ndani, mradi nafasi ipo wakati unapopanda. Maneno hayo ya mwisho ndiyo muhimu: anayepanda mapema ndiye anayepata nafasi. Kampuni nyingi pia hukuruhusu kununua kiti cha pili kwa ajili ya ala. Wapigaji selo wamezoea gharama hiyo.

Ukiambiwa haiingii, usigombane. Uliza kwa heshima kama unaweza kuikabidhi mlangoni mwa ndege badala ya kaunta, maana hapo itapita mikono michache. Ndiyo maana nasema: hata kama unanuia kuingia nayo, ifunge kana kwamba itaenda tumboni.

Betri za akiba za lithiamu na pawabenki usiziweke kwenye mzigo wa chini. Ni za kubeba mkononi. Koleo na kisu cha kukatia nyuzi, kinyume chake, viweke chini. Na ukielekea Marekani, kumbuka wakaguzi wanaweza kufungua kasha bila wewe kuwepo. Weka karatasi juu ya ala yenye maandishi makubwa yanayoeleza jinsi ya kuirudisha na kulifunga.

Karatasi ndiyo mkombozi wako

Usiku huo wa kufunga, piga picha. Mbele, nyuma, kichwa, nambari ya utambulisho, jinsi ulivyopanga nguo ndani ya kasha. Weka risiti kwenye simu. Picha hizo zitakusaidia pia ukirudi, afisa wa forodha akiuliza kama gitaa hilo umelinunua ng’ambo.

Ukitua, usifanye kosa la mwenzangu. Fungua kasha pale pale karibu na mkanda wa mizigo. Tazama shingo, kichwa, daraja, mshono wa pembeni. Dereva atangoja. Ukiona ufa, nenda kwenye dawati la mizigo, ujaze ripoti ya mzigo ulioharibika, ile wahudumu wanaiita PIR, na uondoke na nakala. Piga picha ala na kasha kabla ya kuvihamisha.

Hapa sheria iko upande wako. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya ni mwanachama wake, husimamia safari nyingi za kimataifa. Unakupa siku saba tangu upokee mzigo kulalamika kwa maandishi kuhusu uharibifu, na miaka miwili ya kwenda kortini. Ukinyamaza hizo siku saba zikapita, umejifungia mlango.

Ila kuna kiwango cha juu cha fidia. Tangu mwisho wa Desemba 2024 ni SDR 1,519, kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Hiyo ni kama dola 2,000, karibu Sh260,000, tena kwa mizigo yako yote kwa jumla. Ala yako ikiwa ghali zaidi, mkataba unakuruhusu kutangaza thamani yake wakati wa kuikabidhi na kulipa ada ya ziada ikitakiwa. Au tafuta bima, na usome yale maandishi madogo kama yanataja ala za muziki.

Jambo la mwisho. Baada ya kuikagua uwanjani, ifunge tena. Ukifika unakolala, iache ndani ya kasha saa kadhaa izoee hewa kabla ya kukaza nyuzi. Mbao iliyozoea unyevu wa Mombasa ikiingizwa ghafla katika nyumba yenye hita wakati wa baridi ya Ulaya hukauka na kupasuka. Watengenezaji wengi wa magitaa hupendekeza unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Kipande cha sponji chenye unyevu, ndani ya kikopo cha sabuni kilichotobolewa matundu, kikikaa ndani ya kasha, kitasaidia sana.

Mpiga besi wetu bado anasafiri. Siku hizi ana kasha gumu jeusi lililojaa vibandiko, na kila tukitua huwa tunamngoja. Anapiga goti sakafuni kando ya mkanda wa mizigo, anafungua, anapitisha kidole gumba nyuma ya shingo kutoka chini hadi juu. Akitabasamu, tunaita teksi.