Koo Tawala za Usukuma na Uzinza

Mtahiniwa, kama unasomea Katoro, mada hii inahusu ardhi unayoikanyaga. Usukuma ulikuwa na tawala nyingi ndogo, kila moja chini ya ntemi. Uzinza, upande wa Geita, ulitawaliwa na ukoo wa Wahinda, uliotawala pia Karagwe. Zingatia hoja hizi:

(a) Urithi: Zamani, kwa Wasukuma, aliyerithi kiti hakuwa mtoto wa ntemi bali mpwa wake, mtoto wa dada. Baraza la banang'oma ndilo lililomteua.

(b) Kazi: Ntemi aliamua mashauri na kusimamia matambiko ya mvua. Mvua ikigoma, aliweza kuondolewa.

(c) Ukoloni: Kuanzia 1926 Waingereza waliwatumia watemi kukusanya kodi. Mwaka 1945 Kidaha Makwaia, ntemi wa Busiya, aliteuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria.

(d) Mwisho: Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilifuta mamlaka ya machifu.

Angalizo: Usiandike kwamba ntemi alitawala apendavyo. Kabla ya ukoloni aliwajibika kwa banang'oma. Baadaye aliwajibika kwa Bwana Shauri. Eleza badiliko hilo, na hoja (d) itajieleza yenyewe.