Fahamu: Swali la maharage kutoka ghalani hadi kwa majaji

Young Scientists Tanzania (YST), iliyoanzishwa 2011 kwa mfano wa shindano la Ireland la tangu 1965, huwapa wanafunzi wa sekondari nafasi ya kuonyesha utafiti wao. Kwenu wanafunzi wa Kasulu na Kibondo, swali la kuchunguza liko ghalani: je, majivu huzuia wadudu kutoboa maharage? Chukueni makopo sita yanayofanana, myajaze maharage ya gunia moja. Matatu yatieni majivu, matatu yaacheni. Kila wiki hesabuni punje zilizotobolewa, mwandike hapohapo, hata matokeo yakiwavunja moyo. Mimi nalithamini daftari lenye vumbi la majivu kuliko bango lililopambwa. Mwalimu aongoze, asiwafanyie: majaji wakiuliza kwa nini makopo matatu na si moja, atakayejibu ni mwanafunzi.