Insulini na Umeme wa Moyo

Wanafunzi wenzetu, sisi wote tunajua kama insulini iko dawa ya ugonjwa wa sukari. Mtu wa kwanza kutunzwa nayo alikuwa Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 kule Toronto, inchi ya Kanada, katika mwezi wa kwanza 1922. Lakini wachache kati yetu wanajua kama insulini inagusa hata umeme wa moyo. Tuone namna gani.

Ndani ya seli za moyo kuna potasiumu mingi, karibu milimoli 140 kwa litri. Inje, katika damu, iko kidogo tu: 3,5 mpaka 5. Tofauti hiyo ndiyo inatunza umeme wa seli, na bila umeme moyo haupigi. Katika ukuta wa kila seli kuna pompi: inatosha sodiumu 3, inaingiza potasiumu 2. Insulini inaamsha pompi hiyo, zaidi katika misuli na maini. Basi potasiumu inatoka katika damu na kuingia katika seli.

Faida yake ni nini? Mtu akiwa na figo mbovu, potasiumu inajaa katika damu, tofauti inapunguka, na moyo unaweza kusimama. Munganga anamupa insulini, mara nyingi yuniti 10, pamoja na glukozi ili sukari isishuke sana. Nusu saa haijaisha, potasiumu inaanza kushuka. Lakini ni musaada wa masaa machache tu: potasiumu imejificha katika seli, haijatoka mwilini.

Hatari nayo iko. Mgonjwa wa sukari aliyezidiwa anakojoa sana, na potasiumu yake inaenda na mukojo. Damu inaweza kudanganya na kuonyesha kama iko ya kutosha. Akipewa insulini, ile kidogo iliyobaki inaingia katika seli, na moyo unaweza kupiga ovyo mpaka mtu afe. Kwa sababu hiyo waganga wanapima potasiumu kwanza. Ikiwa chini ya 3,5, wanaongeza potasiumu mbele ya insulini.

Basi, ndugu, mwenzetu anayetumia insulini asiache sindano yake, wala asiongeze kipimo kwa akili yake mwenyewe. Tukimuona anatapika, anapumua kwa nguvu na kusinzia, tusimutunze sisi wenyewe katika chumba cha kulala. Tumupeleke hospitali mbio, pale wanapoweza kupima damu yake.