Je, Wajua? Picha Haigeuki kwa Kubadilishwa Jina

Belo la mitumba likifunguliwa katika soko la Gikomba, nguo za first camera, yaani zile bora zaidi, hupigwa picha na kutumwa WhatsApp kabla hata vumbi halijatua. Picha hizo huwa ni JPEG, na kila simu inazifahamu. Kazi huanza mtu anapoleta kwenye saiba (duka la intaneti) CD ya zamani yenye nembo ya duka na picha za familia zilizoskaniwa, na majina ya faili yote yanaishia kwa BMP au PCX.

PCX ilitoka kampuni ya ZSoft ya Marekani miaka ya 1980, pamoja na programu ya kuchorea ya PC Paintbrush. Ujanja wake ni kuhesabu: nukta 40 nyeupe zikifuatana, huandika tu "nyeupe, mara 40". Kwa nembo yenye rangi mbili tatu, hapo umeokoa nafasi kubwa. Kwa picha ya gauni la maua ujanja huo hauna faida, maana ni nadra nukta mbili jirani kufanana kabisa. BMP ya Microsoft kwa kawaida hata haijisumbui kuhesabu. Picha ya nukta 1600 kwa 1200 ina nukta 1,920,000. Kila moja ikichukua baiti 3 za rangi, unapata karibu megabaiti 5.8. Kwa bando la data la kukwangua, hiyo ni dhuluma.

JPEG, iliyoidhinishwa mwaka 1992, hufunga picha kama belo la mitumba, ila belo hili hutupa baadhi ya nguo. Hutenganisha mwangaza na rangi, kwa kuwa jicho la binadamu huona mwangaza vizuri kuliko rangi, kisha hupunguza habari za rangi. Halafu huikata picha vipande vya nukta 8 kwa 8 na kuacha vijimabadiliko vidogo ambavyo jicho halivitambui kwa urahisi. Faili inaweza kupungua mara kumi bila mtazamaji kushtuka. Kilichotupwa hakirudi, kwa hiyo faili ya zamani isifutwe.

Wapo wanaofuta "bmp" kwenye jina, wakaandika "jpg", wakadhani kazi imekwisha. Ndani hakuna kilichobadilika: baiti mbili za kwanza bado ni herufi B na M, na programu makini husoma hizo, si jina. Inabidi uifungue faili, kisha uihifadhi upya. Kwa BMP, Paint ya Windows inatosha. PCX inataka programu kama GIMP, ambayo ni ya bure, au IrfanView, ambayo ni ya bure kwa matumizi yasiyo ya biashara.

Nembo usiipeleke JPEG. Kingo zake kali zitazungukwa na madoa, na fundi wa kuchapisha fulana atakulaumu. Itumie PNG, ya mwaka 1996, ambayo haitupi chochote. GIF nayo huishia rangi 256. Kitenge kikiingia humo, hutoka kimepauka mabaka mabaka.

Si faili kongwe pekee zinazosumbua. Tangu 2017 iPhone nyingi hupiga picha za HEIC, ambazo ni nyepesi kuliko JPEG lakini kompyuta nyingi za zamani hazizifungui. Kwenye mipangilio ya kamera kuna chaguo la kupiga JPEG moja kwa moja, na ukilichagua, nafasi ya simu itajaa upesi zaidi.