Paka amekula muchuzi wa vitunguu: nini ya kufanya, nini ya kuepuka

Mu nyumba nyingi za Goma, Bukavu, Bunia ao Uvira, paka hanunuliwi chakula. Anakula kile familia inabakiza: fufu na muchuzi wa sambaza, sombe, kichwa cha samaki. Ni yeye analinda maharagi na mahindi juu panya wasiyamalize. Lakini kuna vyakula ambavyo tumbo la mutu linavumilia bila shida, na ambavyo vinaweza kumuua paka.

Cha kwanza ni kitunguu

Kitunguu, kitunguu saumu na puaro vinavunja chembe nyekundu za damu ya paka. Kuvipika hakuondoe hiyo sumu, na unga wa kitunguu ulio mu viungo vya paketi ni vilevile. Gramu 5 za kitunguu kwa kila kilo ya paka zinaweza kutosha kuharibu damu yake. Kwa paka wa kilo 3, ni gramu 15, kipande kidogo tu. Kitunguu saumu kina nguvu zaidi.

Ubaya wake ni kwamba haionekane mbio. Paka anaweza kula leo, kesho acheze vizuri, kisha kesho kutwa alale bila nguvu. Ufizi unapauka, anapumua mbio, mukojo unakuwa mwekundu ao kahawia. Chokoleti, kahawa, kasiksi na pombe zingine, zenyewe zinaonekana mu masaa machache: kutapika, kutetemeka, kuyumba.

Nini ya kufanya

- Kuondoa kile chakula na kuangalia: amekula nini, kiasi gani, saa ngapi? Paketi isitupwe.
- Kujua kilo zake. Mutu anapanda ku balansi na paka mu mikono, kisha anapanda peke yake; anatoa hesabu.
- Kumufikisha kwa muganga wa wanyama bila kungoja dalili. Masaa 2 ya kwanza ni ya maana, juu chakula kingali mu tumbo: muganga anaweza kumutapisha kwa dawa ao kumupa makaa ya dawa. Si makala ya ku mbabula.
- Kama muganga iko mbali, kumupigia simu ao kuuliza mu ofisi ya kilimo na ufugaji.

Nini ya kuepuka

Watu wengi wanakimbilia maziwa ao mawese. Maziwa hayauwe sumu, na paka wakubwa wengi yanawaharisha. Mafuta yenye kumiminwa mu kinywa kwa nguvu yanaweza kuingia mu mapafu. Maji ya chumvi ya kumutapisha, yenyewe ni sumu ingine. Kuingiza kidole mu koo pia hapana.

Na zaidi ya yote, haifai kumupa paracetamol juu ya kumutuliza. Ini la paka haliwezi kuivunja vizuri. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua.

Dawa rahisi iko jikoni: mupishi akitenga vipande vya samaki ya paka mbele ya kutia kitunguu mu sufuria, ile hatari haiingie mu sahani yake.