Meza ya mlangoni ilikuwa inauzwa: Hivi ndivyo maduka makubwa ya vitabu yalivyonusurika

Ukiingia kwenye duka kubwa la vitabu, kitu cha kwanza kukutana nacho ni meza iliyojaa vitabu. Wengi hudhani vimewekwa pale kwa sababu wafanyakazi wamevisoma wakavipenda.

Kwa miaka mingi huko Uingereza na Marekani haikuwa hivyo. Nafasi nyingi za mbele zilikuwa zinalipiwa na wachapishaji. Mwenye hela nyingi ndiye aliyewekewa kitabu chake mlangoni. Yaani mteja alidhani anashauriwa, kumbe anatangaziwa.

Jambo hilo linaonekana dogo, lakini karibu limalize kabisa biashara ya maduka haya.

Amazon ilipoingia

Amazon ilianza kuuza vitabu mtandaoni mwaka 1995, tena kwa bei ya chini. Maduka makubwa yalihangaika kushindana nayo kwa bei, na hapo ndipo yalipoumia.

Borders, iliyokuwa ya pili kwa ukubwa Marekani, iliikabidhi Amazon mauzo yake ya mtandaoni mwaka 2001. Ni kama kumpa mshindani funguo za duka lako. Februari 2011 ikatangaza kufilisika, na kufikia Septemba mwaka huo maduka yote yalikuwa yamefungwa. Watu zaidi ya 10,000 walipoteza ajira.

Barnes & Noble, iliyokuwa ya kwanza, ilibaki ikichechemea. Februari 2018 ilipunguza wafanyakazi wapatao 1,800 ili kuokoa dola milioni 40 hivi kwa mwaka.

Kwenye hesabu inaonekana sawa. Dukani mambo ni tofauti. Mteja anaingia, anataka kitabu cha mtoto wa miaka 9 asiyependa kusoma. Anatafuta wa kumuuliza, hamwoni. Simu iko mfukoni, anaagiza mtandaoni kwa bei nafuu. Duka limemkosa si kwa sababu ya bei tu, bali kwa sababu halikumpa kitu ambacho simu haiwezi kumpa.

Aliyebadilisha mchezo

James Daunt aliacha kazi ya benki, akafungua duka lake la Daunt Books jijini London mwaka 1990. Mwaka 2011 tajiri wa Kirusi, Alexander Mamut, aliinunua Waterstones, kampuni kubwa ya maduka ya vitabu Uingereza, kwa pauni milioni 53. Akamkabidhi Daunt aiendeshe.

Daunt alifanya mambo matatu:

1. Alikataa hela za wachapishaji. Zilikuwa takriban pauni milioni 27 kwa mwaka, na kampuni yenyewe ilikuwa inapata hasara. Wengi walimwona kama kachanganyikiwa.

2. Aliondoa ofa maarufu ya kulipia vitabu viwili na kupewa cha tatu bure.

3. Aliruhusu kila duka lijichagulie vitabu vya kuweka mbele. Anachopenda mteja wa mji wa pwani si lazima akipende mteja wa katikati ya London.

Kwa nini ilifanya kazi?

Biashara ya vitabu ina utaratibu wake. Kitabu kisipouzika, mara nyingi duka linaweza kumrudishia mchapishaji. Sasa fikiria meza imejaa vitabu vilivyowekwa kwa sababu ya hela tu. Vingi haviuziki. Wafanyakazi wanafungua maboksi, wanapanga, wanasubiri wiki kadhaa, kisha wanafunga maboksi yaleyale na kuyarudisha.

Siku inaishia kwenye maboksi, mteja anasimama peke yake.

Duka likichagua lenyewe, vitabu vinavyorudishwa hupungua na mfanyakazi anapata muda wa kuzungumza na watu. Tena anakuwa na la kusema, maana kitabu kilichoko mezani kakichagua yeye. Kwa hiyo huduma nzuri haikuletwa na semina ya kufundisha watu kutabasamu. Ililetwa na mfanyakazi kupewa uamuzi.

Katika mwaka wa fedha ulioishia Aprili 2016, Waterstones ilirudi kwenye faida.

Marekani nako

Mwaka 2018 kampuni ya uwekezaji ya Elliott iliinunua Waterstones. Mwaka uliofuata ikainunua Barnes & Noble kwa takriban dola milioni 683, madeni yakiwemo. Daunt akapewa zote mbili.

Korona ilipofunga maduka mwaka 2020, alitumia nafasi hiyo kupangua na kupanga upya matawi. Matokeo? Mwaka 2024 Barnes & Noble ilifungua maduka mapya zaidi ya 50, mengi kuliko iliyofungua katika miaka 10 yote kati ya 2009 na 2019.

Si kila mtu alifurahi

Mwaka 2013 Daunt aliwataka mameneja wa Waterstones waombe upya kazi zao, na wengi waliondoka. Mwaka 2019 wafanyakazi walikusanya maelfu ya saini wakidai mshahara unaotosha maisha, na waandishi wengi wakawaunga mkono. Daunt alijibu kwamba kampuni haikuwa na uwezo huo kwa wakati ule.

Hapo pana swali zito. Kama kampuni imeokolewa na ujuzi wa mtu anayesimama dukani, kwa nini mtu huyo asiwe wa kwanza kuonja faida?

Waandishi chipukizi nao walilalamika. Mwaka 2022 baadhi ya waandishi wa vitabu vya watoto Marekani walisema Barnes & Noble imepunguza kuweka vitabu vipya vya jalada gumu, hasa vya majina yasiyojulikana. Duka likichagua kwa makini, wapo watakaoachwa nje.

Wewe mteja uangalie nini?

Uliza swali lisilo na jina la kitabu. Mfano: "Nataka zawadi ya mama anayependa historia." Duka lenye huduma litakuuliza swali moja au mawili, kisha likupeleke kwenye rafu. Duka lisilo nayo litakuelekeza kwenye kompyuta.

Linganisha matawi mawili ya kampuni moja. Kama meza za mbele zinafanana kitabu kwa kitabu, ujue aliyechagua yuko makao makuu, hakujui wewe wala mtaa wako.

Piga hesabu kabla ya kulipia uanachama. Uanachama wa kulipia ambao Barnes & Noble iliuanzisha mwaka 2023 ulikuwa dola 39.99 kwa mwaka, kwa punguzo la asilimia 10. Kwa punguzo hilo peke yake, inabidi ununue vitu vya karibu dola 400 ndipo hela yako irudi. Ukinunua vitabu vitatu kwa mwaka, umewachangia tu.

Na ukipata mfanyakazi aliyekuchagulia kitabu kikakukaa vizuri, rudi umwambie. Kesho atajua aweke nini mezani.