Uvimbe mgumu usiouma

Katika mizunguko yangu Tandika na Manzese nimewasikia akina mama wakiambiana kwamba uvimbe wa titi usiouma hauna neno, wa kuogopa ni ule unaouma. Leo natazama ugumu wenyewe unatoka wapi.

Wengi tunadhani uvimbe wa saratani ni seli za saratani tupu. Sivyo. Mara nyingi, sehemu kubwa ya kile kigumu kinachopapaswa na vidole ni nyuzi za kolajeni, zilizofumwa na seli za kawaida za mwili ziitwazo faibroblasti. Hizi ndizo mafundi wa kovu. Ukijikata na panga huja, hushona, kisha kazi husimama. Penye saratani kazi haisimami. Mwaka 1986 Mmarekani Harold Dvorak aliufananisha uvimbe huo na kidonda kisichopona.

Mafundi hao wakishapotoshwa huitumikia saratani. Humwaga kemikali za kuikuza, huvuta mishipa mipya ya damu ya kuilisha, tena huweza kuifungulia njia ipenye nje. Nyuzi zikisongamana, hata dawa hupata taabu kuingia. Na yote hayo yaweza kuendelea bila maumivu hata kidogo.

Jambo hili si geni. Mwaka 1889 daktari Stephen Paget wa London alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya titi. Aliona imelivamia ini mara nyingi, bandama mara chache, ingawa damu hufika kote kuwili. Akaeleza kwa mfano wa mbegu na udongo. Mkulima wa mchicha wa Bonde la Msimbazi hahitaji ufafanuzi zaidi.

Lakini tusiwahukumu haraka mafundi wetu. Mwaka 2014 watafiti Marekani waliziondoa seli za aina hiyo katika panya wenye saratani ya kongosho. Badala ya nafuu, saratani ikawa kali zaidi na panya wakafa mapema. Kumbe nyingine zilikuwa ukuta!

Mabingwa wanaendelea kulifumbua fumbo hilo. Mama wa Tandika asiwasubiri. Aende kituo cha afya wiki hii, uvimbe uume usiume; wakiona haja watampa rufaa, hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road ikibidi. Si kila uvimbe ni saratani, lakini vidole vya jirani haviwezi kuutambua. Kinyama kidogo kitachukuliwa na kutazamwa kwa hadubini, na hapo ndipo jibu litakapopatikana.